Shida Hii Mpelekee Mbunge, Ile Mpelekee Diwani

Siku mbunge akiingia jimboni, habari hufika mtaani kabla ya gari lake. Ukipita nje ya ofisi yake asubuhi ile utakuta watu wamekwishajipanga ukutani, kila mmoja na bahasha au karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama ana fomu ya mwanawe ya kujiunga na kidato cha tano, imeorodhesha godoro, jembe na ndoo. Kijana ana barua ya timu ya kijiji, wanaomba jezi na mipira miwili. Mzee ana karatasi ya rufaa ya hospitali ya Ndanda, nauli hana. Nyuma yao wamesimama watu wa msikiti, wanatafuta bati. Zisome barua zote hizo na utaona ni nadra kukuta moja inayomtaka mbunge afanye kazi aliyochaguliwa kuifanya.

Shida zile ni za kweli, wala sina haja ya kumkejeli mwenye nazo. Ila zinapelekwa kwa mtu asiye na fungu, na zile ambazo mtu huyohuyo ana nguvu nazo zinabaki kujadiliwa kwenye bao na kilabuni. Makala haya ni ya mpiga kura wa Nachingwea na Ruangwa anayetaka kujua barua yake aielekeze wapi.

Tuanze na Katiba. Ibara ya 63 inataja kazi za Bunge: kumuuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake, kujadili utendaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kujadili na kuidhinisha mipango ya muda mrefu na mfupi, kutunga sheria, na kuridhia mikataba ya nchi. Kugawa pesa hakumo. Tena Ibara ya 99 inamfunga mbunge mikono: hoja ya kutoza kodi au kutumia fedha za serikali haishughulikiwi na Bunge mpaka itoke kwa Rais kupitia kwa waziri. Kwa hiyo mgombea anaposimama jukwaani pale uwanjani na kusema "nikipita, lami nitawaletea", msikilize kwa adabu, halafu umuulize swali moja: utamwuliza nani, lini, na akikujibu vibaya utafanya nini?

Shilingi moja ya waziri

Jibu la swali hilo limo katika desturi moja ya Bunge ambayo wengi wameisikia redioni bila kujua maana yake: kushika shilingi.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Wizara moja moja huleta makadirio yake. Wabunge wakishachangia na waziri akishajibu, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia mafungu. Wakifika kwenye mshahara wa waziri, mbunge mwenye jambo husimama na kutaka ufafanuzi wa kisera. Asiporidhika, hutamka kwamba anakusudia kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri. Shilingi yenyewe haina thamani, hata pipi hainunui, lakini ikishashikwa jambo limekuwa hoja. Wenzake husimama kuunga mkono au kumbembeleza airudishe. Waziri hulazimika kusema kitu kinachoandikwa kwenye Taarifa Rasmi ya Bunge: tutafanya hivi, mwaka huu wa fedha, kwa fungu hili. Mara nyingi mbunge hurudisha shilingi, na watu nyumbani hucheka kwamba amenywea. Si lazima awe amenywea. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti, na hakuna anayetaka kurudi kuomba kura kabla ya wakati. Cha kutazama ni alichopewa kabla hajairudisha.

Kuna siku kushikilia hakutoshi. Mwaka 2018 wabunge wa Lindi na Mtwara walisimama karibu kwa sauti moja kupinga kifungu cha Sheria ya Fedha. Kabla ya hapo, asilimia 65 ya ushuru unaotozwa korosho ghafi zinapokwenda nje ilikuwa ikirudi kwenye zao lenyewe, kwa mambo kama pembejeo na utafiti. Kifungu kipya kilizipeleka fedha zote Mfuko Mkuu wa Hazina. Walipiga kelele, wakazidiwa kwa idadi, sheria ikapita. Novemba mwaka huohuo minada ikakwama kwa sababu ya bei na Rais Magufuli akatuma jeshi kukusanya korosho kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Mkulima wa Nachingwea aliyekuwa akihesabu magunia yake ghalani alihisi moja kwa moja kilichoamuliwa kwa kura za "ndiyo" na "siyo" ukumbini Dodoma. Hilo ndilo jambo la mbunge. Jezi za timu hazimo.

Na wazee wa huku wanao mfano wa zamani zaidi. Baada ya vita ya pili ya dunia Waingereza walifyeka mapori ya Nachingwea ili walime karanga, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kuja huku. Mpango ulianza 1947 na kufikia 1951 ulikuwa umekufa. Reli nayo ikang'olewa miaka ya sitini. Waliowabana mawaziri kwa maswali kuhusu fedha zilizopotea walikuwa wabunge wa London, maana zilikuwa fedha za wapiga kura wao. Ardhi ilikuwa ya Nachingwea, lakini Nachingwea haikuwa na mtu wa kusimama na kuuliza.

Majirani wawili, bahati mbili

Ruangwa ilipata wilaya yake mwaka 1995. Kwa miaka kumi ilikuwa na jambo ambalo majimbo mengi ya Tanzania hayajawahi kulipata: mbunge wake alikuwa Waziri Mkuu.

Kassim Majaliwa ni mwalimu wa huku huku. Alisomea ualimu Mtwara, akafundisha, akapata shahada ya elimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mtendaji katika Chama cha Walimu, kisha Mkuu wa Wilaya, Urambo na baadaye Rufiji. Mwaka 2010 alichaguliwa kuwa mbunge wa Ruangwa na kuteuliwa Naibu Waziri wa TAMISEMI anayeshughulikia elimu. Novemba 2015 Rais Magufuli alilipeleka jina lake bungeni. Wengi hawakulitegemea jina hilo. Alipata kura 258 kati ya 351, akaapishwa Novemba 20.

Hapa pana somo la kikatiba. Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni, kutoka chama chenye wabunge wengi, na uteuzi wake uthibitishwe kwa kura za wabunge. Mbunge wa viti maalumu au wa kuteuliwa na Rais hawezi. Kwa maneno mengine, Waziri Mkuu asiye na jimbo hayupo, na jimbo lake likimkataa, cheo nacho kinakwenda. Ruangwa haikumkataa: mwaka 2020 alipita bila kupingwa.

Barabara ya lami kutoka Nanganga kuingia Ruangwa ilijengwa katika miaka yake. Namungo, timu ya Ruangwa, ikapanda ligi kuu na kucheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na uwanja wake unabeba jina la Majaliwa. Mtu wa Nachingwea akipita pale hukosa usingizi kwa wivu, na simlaumu.

Lakini Nachingwea nayo iliwahi kuwa na waziri. Mathias Chikawe aliliwakilisha jimbo hadi 2015, akashika Wizara ya Katiba na Sheria, kisha Mambo ya Ndani ya Nchi. Mwaka 2015, akiwa bado waziri, alianguka katika kura za maoni za CCM nyumbani kwake na jimbo likachukuliwa na Hassan Masala. Miaka mitano baadaye akaingia Amandus Chinguile. Kwa hiyo jimbo moja lilikaa na mtu mmoja miaka 15, na jirani yake likabadilisha watatu. Nani kafaidi zaidi? Wenyeji watabishana mpaka kahawa ipoe. Ninachokiona mimi ni kwamba Ruangwa imezoea mbunge anayepiga simu na mkurugenzi anaamka, na mazoea hayo yamekwisha. Julai 2025 Majaliwa alitangaza kwamba hagombei tena. Tangu Novemba 2025 Waziri Mkuu ni Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi huko Singida. Ruangwa sasa inatafuta haki yake kama majimbo mengine yote, kwa maswali, barua na kufuatilia. Nachingwea imekuwa ikifanya hivyo siku zote na inaweza kumfundisha jirani.

Nani ana ufunguo wa shida yako

Chukulia kisima cha kijiji kimekufa pampu. Kabla ya kumkimbilia mbunge, jua kwamba maji ya vijijini yako chini ya RUWASA tangu 2019, na kila wilaya ina meneja wake. Mjini Nachingwea ni MANAWASA, mamlaka inayohudumia Masasi na Nachingwea. Barabara zimegawanyika: barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, na zile za wilaya na vijiji ni za TARURA, iliyoanza 2017. Kalavati la kwenda shambani kwenu likisombwa na mvua, mbunge naye atamwandikia meneja wa TARURA wilaya. Umwandikie wewe kwanza, kupitia mtendaji wa kata, ukabaki na nakala yenye mhuri. Nakala hiyo itakuwa na kazi baadaye.

Mkopo wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, unaanzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Mbunge hausaini. Salfa ya mikorosho imechelewa? Anza na chama chenu cha msingi, kisha RUNALI, chama kikuu kinachobeba herufi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kisha Bodi ya Korosho. Malipo ya ufuta uliouzwa mnadani hayajaingia? Njia ni hiyohiyo. Darasa limeezuliwa paa, zahanati haina mganga, soko halina choo: hayo ni ya halmashauri, na sauti yako kule ni diwani. Watu humdharau diwani kwa sababu hapandi ndege. Bajeti ya zahanati yako anaiona yeye kabla mbunge hajaiona.

Mbunge anaingia pale ngazi hizi zinapogonga ukuta, au pale ukuta wenyewe ni sheria au sera. Bei ya mazao kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, tozo zinazokatwa kwenye kilo, fidia ya wanaopisha miradi ya madini ya kinywe Ruangwa, barabara ya mkoa inayoahidiwa kila uchaguzi, tembo wanaokula mahindi na kiwango cha kifuta jasho: haya hayamalizwi na mtendaji wa kata. Haya ni ya swali la bungeni.

Usisahau kwamba mbunge pia ni mjumbe wa baraza la madiwani la wilaya yake, na mbunge wa viti maalumu naye huketi kwenye baraza. Vikao vya baraza ni vya wazi. Mwananchi anaruhusiwa kuingia, kukaa kimya na kusikiliza. Ni watu wachache mno wanaokwenda, na wanaokwenda mara nyingi ni wale wenye zabuni.

Kuna fungu moja tu ambalo mbunge analigusa kihalali, nalo ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Fedha zake hugawanywa kwa majimbo kwa kuangalia mambo kama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati na ofisa mipango wa wilaya ni katibu. Mfuko huu ni wa kuongezea nguvu za wananchi: mmefyatua tofali na kujenga mpaka lenta, mfuko ukaleta bati na saruji. Kununulia watu shida zao binafsi haukuundwa. Kijiji kinachotaka fungu hili kipeleke mradi uliokwishaanza, wenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Binafsi sijawahi kuupenda mpangilio huu, kwa kuwa unamfanya msimamizi wa matumizi ya serikali awe yeye mwenyewe mtumiaji, lakini ndiyo sheria iliyopo. Una haki ya kumwuliza ofisa mipango mwaka huu zimekuja kiasi gani na zimekwenda kijiji gani.

Kuhusu vya mfukoni, kumbuka jambo moja. Zamani wagombea walijificha nyuma ya neno takrima, ukarimu wa kimila ambao sheria ya uchaguzi iliukubali. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kanga na kofia za msimu wa kura hazijaisha, sote tunajua, ila anayezigawa anajua anachofanya.

Barua inayojibiwa

Mbunge hupokea barua nyingi zenye malalamiko na chache zenye swali. Yako iwe na swali. Badala ya kuandika "barabara yetu ni mbovu, tunaomba msaada wako mheshimiwa", andika barabara inaanzia kijiji gani na kuishia wapi, ina kilomita ngapi, ni ya TARURA au TANROADS, mlimwandikia meneja tarehe ngapi na alijibu nini. Ambatanisha ile nakala yenye mhuri. Malizia kwa ombi moja: amwulize waziri barabara hiyo imetengewa kiasi gani mwaka huu wa fedha na kazi itaanza lini. Mbunge mwenye karatasi kama hiyo mkononi hana la kujitetea nalo. Swali limekwishaandikwa, kazi yake ni kulisimamia.

Swali la msingi likijibiwa, aliyeliuliza anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza. Hapo ndipo mbunge hodari anapoonekana, kwa sababu jibu la kwanza limeandikwa ofisini na wataalamu, la nyongeza waziri analijibu kwa kichwa chake. Siku za Alhamisi huwa na kipindi cha kumwuliza Waziri Mkuu maswali ya papo kwa papo. Hilo nalo ombeni mbunge wenu alitumie.

Kisha mfuatilie. Tovuti ya Bunge ina ukurasa wa kila mbunge wenye maswali na michango yake, na Taarifa Rasmi za vikao zimo kwa Kiswahili. Vikao vyenyewe sasa vinaonekana mtandaoni. Haikuwa hivyo siku zote: Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC inasitisha kurusha Bunge moja kwa moja, na waziri aliyelitangaza alikuwa mbunge wa Mtama, jirani yetu mkoani huku. Kijana mwenye simu na bando la mia tano anaweza kuhesabu mbunge wake ameuliza maswali mangapi tangu aapishwe, na ni mangapi yaliyohusu jimbo. Hesabu hiyo ibandikwe kwenye ghala la chama cha msingi siku ya mnada, watu wakiwa wengi.

Akiwa hafanyi kazi je? Katiba yetu haimpi mpiga kura nafasi ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya miaka mitano. Kenya wameiandika haki hiyo katika Ibara ya 104 ya Katiba yao ya 2010, na Rasimu ya Tume ya Warioba ilitaka na sisi tuwe nayo. Kwa sasa mbunge hupoteza kiti kwa mambo mengine: akihama au kufukuzwa chama kilichompeleka, akikosa mikutano mitatu mfululizo ya Bunge bila ruhusa ya Spika, au akipoteza sifa za kuchaguliwa. Na kila mwaka lazima apeleke tamko la mali na madeni yake kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, kabla ya mwisho wa Desemba.

Kwa binti au kijana anayesoma haya akiwa na hamu ya kukaa kwenye kiti hicho mwenyewe, Katiba inadai uwe raia, uwe umefikisha miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na udhaminiwe na chama cha siasa. Shahada haikutajwa. Mgombea binafsi bado hana njia, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba kumzuia ni kukiuka haki. Mlango halisi ni kura za maoni ndani ya chama, na kama ya Chikawe yalivyoonyesha, hapo hata uwaziri haukingi mtu.

Jambo la mwisho ni kalenda. Halmashauri hukusanya vipaumbele vya vijiji na kata kuanzia miezi ya mwisho wa mwaka, baraza la madiwani huipitisha bajeti mapema mwaka unaofuata, na Aprili mawaziri husimama Dodoma na vitabu vilivyokwishachapwa. Barua inayomfikia mbunge mwezi wa Mei inakuta fungu limekwishagawanywa. Pelekeni yenu kabla ya Krismasi.